Siku ya Jaribu Haimfundishi Mtu, Inamfunua

 

Somo la juma hili linahusu jambo ambalo sisi wote tunalifanya lakini hatulifikirii sana: mazoezi. Namna mtu anavyojizoeza wakati wa utulivu ndiyo inayoonekana siku anapobanwa. Tutaanza na aibu yetu wenyewe, kisha tutaenda Tanzania, kwenye hospitali moja ambako jambo hili lilipimwa kwa uhai wa watoto wachanga, na mwisho tutarudi hapa kwetu.

KORALI ILIYOJUA WIMBO

Kanisani mwetu korali inafanya repetisyo kila siku ya posho, toka saa 9 mpaka saa 11. Kabla ya mkutano mmoja mkubwa, walitayarisha wimbo mmoja kwa muda wa miezi mitatu. Kila repetisyo ilifanana na ile iliyotangulia: piano inaanza, wote wanaimba toka mwanzo hata mwisho, wanapumzika kidogo, wanarudia. Katika beti ya tatu, pale sauti za wababa zinapoingia peke yao, wimbo ulikuwa unayumba kila mara. Kiongozi alikuwa anasema, "Tuendelee tu, patajinyoosha." Na sisi wachungaji tulipopita pale tulikuwa tunapiga makofi na kusema, "Vizuri sana, Mungu awabariki."

Siku ya mkutano ikafika. Watu wamejaa, wageni wamekaa mbele. Wimbo ukaanza vizuri. Katikati ya beti ya pili umeme ukakatika. Piano ikanyamaza, mikro zikafa. Ilipofika zamu ya wababa, hakuna aliyejua sauti ianzie wapi. Wengine waliingia juu, wengine chini, mmoja akacheka kwa woga, na wimbo ukafia pale pale mbele ya watu.

Jioni mama mmoja wa korali alitufuata akiwa na machozi. Akasema: "Mchungaji, tulifanya repetisyo miezi mitatu. Sasa imetusaidia nini?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia tu avumilie. Lakini swali lake lilikaa moyoni mwetu, na tulipolichunguza tuliona kwamba korali haikukosa mazoezi. Ilikosa mazoezi mazuri. Kwa miezi mitatu waliuzoea wimbo ulioshikwa mkono na piano. Kuimba bila piano hawakukuzoea hata mara moja. Na pale pabovu walipita mara nyingi sana, na kila mara walipopapita bila kupatengeneza, ubovu wenyewe ulizidi kukaa ndani yao. Zoezi halichagui, wapendwa. Linakaza lile unalolirudia, liwe jema au baya. Siku ya jaribu haikuwafundisha lolote jipya. Ilifunua tu kile walichokuwa wamekizoea.

Kwa korali hasara ilikuwa aibu, na aibu inapona. Lakini kuna kazi ambazo hasara yake haiponi.

HOSPITALI YA HAYDOM

Kaskazini mwa Tanzania, katika mkoa wa Manyara, iko hospitali ya kanisa la Kilutheri inayoitwa Haydom. Iko mbali na miji mikubwa, kama hospitali nyingi za makanisa yetu, na maelfu ya wamama wanazalia pale kila mwaka.

Wazalishaji wanajua kwamba watoto wengi wakizaliwa wanalia na kupumua wenyewe. Lakini karibu mtoto 1 katika kila 10 anahitaji kusaidiwa kidogo ili aanze. Msaada wenyewe si mashine kubwa. Unamkausha mtoto na kumpa joto, unamsugua mgongoni ili aamke, unamsafisha kinywa na pua kama kuna uchafu unaoziba, na kama bado hapumui unamwekea maski usoni na kumpa hewa kwa kubonyeza kifuko. Yote hayo yanapaswa kuanza ndani ya dakika ya kwanza. Walimu wa kazi hiyo wanaiita dakika ya dhahabu, kwa sababu ikipotea, ubongo wa mtoto unaanza kukosa hewa.

Mwaka 2010 wauguzi na wazalishaji wa Haydom walipewa mafundisho ya siku moja juu ya kazi hiyo. Walifundishwa kwa sanamu ya mtoto, aina ya pupe yenye kifua kinachoinuka ukimpa hewa vizuri. Miezi saba baadaye walipimwa tena kwa sanamu ile ile. Kabla ya mafundisho, walioweza kumsaidia mtoto asiyepumua kama inavyotakiwa walikuwa 18 kwa 100. Baada ya mafundisho walikuwa 74 kwa 100. Mtu yeyote angesema kazi imekwisha, tuwape vyeti, tufunge na sala.

Lakini watafiti hawakuishia kwenye sanamu. Waliingia katika chumba cha kuzalia wakaangalia kazi yenyewe, usiku na mchana, mama akiwa analia na damu ikiwa sakafuni. Huko hawakuona badiliko walilolitazamia. Watoto waliopewa hewa hawakuongezeka, na kule kumsugua mtoto ili aamke kulipungua. Mikono iliyofaulu darasani haikufanya vile vile mbele ya mtoto wa kweli.

Basi tangu mwezi wa pili wa mwaka 2011 walibadilisha namna ya kujizoeza. Badala ya kungoja semina nyingine kubwa, walianza mazoezi mafupi ya dakika 3 mpaka 5, kila juma, pale pale kazini. Zoezi likaingia ndani ya kazi, kama kunawa mikono.

Baada ya mwaka mmoja walilinganisha hesabu. Watoto waliosuguliwa ili waamke walipanda kutoka 14.5 kwa 100 hadi 16.3. Waliosafishwa kinywa na pua walipanda kutoka 13 hadi 15.8. Waliofikia hatua ya kupewa hewa kwa kifuko walishuka kutoka 7.3 hadi 5.9; yaani inaonekana wengi walisaidiwa mapema, wakapumua kabla hatari haijakua. Na watoto waliokufa ndani ya saa 24 za kwanza walipungua kutoka 11.1 katika kila 1,000 hadi 7.2.

Someni tena hesabu ile ya mwisho. Katika kila watoto 1,000, ni karibu 4 zaidi waliofika siku ya pili ya maisha yao. Hatusemi kwamba zoezi peke yake ndilo lililofanya yote, kwa maana hospitali ina mambo mengi. Lakini hawakungoja jengo jipya wala mashine ya bei kubwa. Jambo walilolibadilisha kwa makusudi ni namna ya kujizoeza: kutoka siku moja ndefu hadi dakika chache zinazorudi kila juma.

KWA NINI MTU AKIBANWA ANAPOTEZA ALIYOYAJUA

Wengi wenu mnakumbuka usiku wa tarehe 28 mwezi wa kwanza mwaka 2024, pale San-Pédro, Côte d'Ivoire, Leopards wetu walipocheza na Misri. Mechi iliisha 1 kwa 1, wakaenda kwenye penalti. Kipa wa Misri akagonga mwamba wa goli, kisha kipa wetu Lionel Mpasi akaja yeye mwenyewe kupiga, akafunga. Tukapita 8 kwa 7, na mitaa yetu haikulala.

Sasa fikirini: penalti inapigwa kutoka mita 11. Ni mita 11 zile zile za kiwanja cha shule. Goli ni lile lile, mpira ni ule ule. Mchezaji anayefunga penalti kumi kwa mchezo siku ya mazoezi, kwa nini siku ya mechi miguu yake inakuwa mizito?

Wenye kuchunguza mambo haya wanaeleza njia mbili. Ya kwanza: woga unakula nafasi ya akili. Mtu anayewaza "Nikikosa watasema nini?" hana tena akili nzima kwa ajili ya kazi iliyo mbele yake. Lile ambalo bado linamhitaji akumbuke, atalisahau. Ya pili: woga unamfanya aanze kuchungulia mambo ambayo mwili ulikuwa umeshayajua. Jaribuni kushuka ngazi huku mkifikiri kila mguu unakanyaga wapi, mtajikwaa. Hivyo mtu aliyebanwa anapotea kwa njia mbili: yale asiyoyazoea yanamtoroka, na yale aliyoyazoea anayavuruga kwa kuyasimamia kupita kiasi.

Dawa ya njia ya kwanza ni kurudia mpaka mkono ujue bila kuulizwa. Dawa ya njia ya pili ni kuzoea kutazamwa. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Sian Beilock na Thomas Carr, walitoa habari ya jaribio moja la mchezo wa gofu, ule wa kusukuma mpira mdogo kwa fimbo. Watu wengine walijifunza peke yao kwa utulivu. Wengine walijifunza huku wakisikiliza maneno ya kuwashughulisha. Wengine walijifunza mbele ya kamera, wakiambiwa kwamba mabingwa watawatazama. Kisha wote wakawekwa chini ya mkazo: kuna pesa ya kushinda, na mwenzako ataikosa ukikosea. Wale wa makundi mawili ya kwanza walishuka. Wale waliojifunza mbele ya kamera hawakushuka. Walikuwa wameshakutana na macho ya watu kabla ya siku yenyewe.

ALAMA NNE ZA ZOEZI JEMA

Kutokana na hayo tunaweza kutaja alama nne ambazo kila mtu anaweza kuzipima kwake.

Kwanza, zoezi jema ni fupi na linarudi mara kwa mara. Dakika 5 kila juma zinashinda siku nzima mara moja kwa mwaka, kwa sababu lile lisilorudiwa linasahaulika. Na hatari haitumi barua kusema inakuja siku gani.

Pili, linaanza pale pagumu. Wengi tunapenda kurudia tunayoyaweza, kwa kuwa yanatupa furaha. Korali yetu ilipenda beti ya kwanza. Lakini siku ya jaribu mtu haanguki katika beti ya kwanza.

Tatu, lina mtu wa kusahihisha, tena pale pale kosa linapotokea. "Vizuri sana, Mungu awabariki" ni baraka, lakini si sahihisho. Sisi wachungaji tuliwanyima watoto wetu ukweli kwa kuogopa kuwaumiza, wakaja kuumia mbele ya watu elfu.

Nne, linafanana na siku yenyewe. Kama kazi itafanywa usiku, jizoezeni usiku pia. Kama kutakuwa na kelele, leteni kelele. Kama umeme unaweza kukatika, na kwetu tunajua kwamba utakatika, zimeni piano ninyi wenyewe kabla haijazimwa.

"LAKINI SISI NI WATU WA ROHO"

Tunajua kuna ndugu watakaosema: "Mchungaji, mambo haya ya mazoezi ni ya kimwili. Siku ile Bwana atatupa la kufanya." Tunawaheshimu, maana sisi wenyewe tuliwahi kusema hivyo, hasa siku tulizokuwa hatukutayarisha mahubiri.

Ni kweli, Bwana aliwaahidi wanafunzi kwamba watapewa la kusema. Lakini aliwaambia watu watakaokamatwa na kupelekwa mbele ya wakubwa. Hakumwambia mtu aliyekuwa na juma zima la kusoma, akalimaliza kwenye simu.

Tazameni Daudi. Sauli alimvika mavazi yake ya vita, na Daudi akayavua, kwa sababu hakuwa ameyazoea. Mavazi yale hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mfalme. Lakini hayakuwa yamepita mikononi mwake. Akarudi kwenye kombeo, kitu alichokijua kule porini akichunga kondoo, mahali ambapo hakuna aliyempigia makofi. Alimtaja Mungu mbele ya Goliathi, na mkono wake ulikuwa tayari. Imani haikumwondolea zoezi, wala zoezi halikumwondolea imani.

TURUDI HAPA KWETU

Tulipokwisha kujifunza habari ya Haydom, tulienda kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sisi ni wa kamati yake. Tuliwauliza wauguzi: "Mara ya mwisho mlishika kile kifuko cha kumpa mtoto hewa ilikuwa lini?" Walitazamana. Mmoja akasema, "Kifuko kiko, Mchungaji." Kiko wapi? Ndani ya kabati. Kabati limefungwa. Ufunguo uko kwa mkubwa wa kituo. Mkubwa wa kituo ameenda mjini, atarudi kesho.

Hatukuwakasirikia. Kifuko kilifungiwa kisiibiwe, na mwenye kukifungia alifikiri anafanya vizuri. Tena sisi wa kamati tulikuwa tumekaa miaka minne tukihesabu pesa na mabati, bila kuuliza swali hilo hata siku moja. Kosa lilikuwa letu pamoja. Lakini tulijiuliza usiku ule: mama mmoja wa kanisa letu akizaa leo, na mtoto akinyamaza, dakika ya dhahabu itaishia wapi? Itaishia kwenye kutafuta ufunguo.

Sasa kifuko kinatundikwa ukutani katika chumba cha kuzalia, na muuguzi wa zamu anakihesabu asubuhi na jioni. Kila siku ya kwanza, kabla ya kazi, wanafanya zoezi la dakika 5. Mmoja anashika simu kupima wakati, mmoja anafanya, wa tatu anasema lililokosewa. Juma linalofuata wanabadilishana. Bado hawana sanamu yenye kifua kinachoinuka, wanatumia pupe ya kawaida, ambayo haiwezi kuwaonyesha kama hewa imeingia. Kwa hiyo tumeomba zone ya afya ituazime ile ya kweli, hata kwa siku moja moja. Hatuna hesabu kubwa ya kuwaletea kama ile ya Haydom. Tuna jambo dogo tu: mara ya kwanza walipopima, ilichukua zaidi ya dakika 2 kabla maski haijagusa uso. Sasa wanafika ndani ya dakika moja.

Ninyi pia pimeni mambo yenu. Mwanafunzi anayengoja Exetat asisome tu majibu aliyoyaandika na kutikisa kichwa. Afunge daftari, aweke saa mbele yake, ajibu maswali akiwa peke yake, kisha apewe mtu wa kumsahihisha. Mhubiri kijana asingoje Siku ya Yenga kusikia sauti yake. Ahubiri nyumbani, mke wake amwambie ukweli. Watu wa nyumbani wakubaliane mlango gani watautokea moto ukiwaka usiku, kisha wautokee kweli gizani, watoto wakiwemo, si kwa maneno tu.

Na korali? Siku hizi wanaanza repetisyo na beti ya tatu. Mara moja kwa mwezi piano haiguswi. Wakati mwingine wanawaita watoto wa shule ya Yenga wakae mbele yao na kupiga kelele wanavyotaka, nao watoto wanaipenda sana kazi hiyo. Juzi kwenye matanga umeme ulikatika tena katikati ya wimbo. Sauti ziliyumba kidogo, tuseme ukweli. Kisha wababa wakaingia, wote pamoja, mahali pamoja, na wimbo ukaendelea gizani mpaka mwisho. Yule mama aliyetuuliza swali alikuwa mstari wa mbele. Alipomaliza alitutazama tu, akatabasamu.

Wapendwa, siku ya jaribu itakuja kwa kila mmoja wetu, na haitatupa nafasi ya kujifunza. Tujifunze leo, kidogo kidogo, pale pagumu, mbele ya mtu anayetupenda kiasi cha kutusahihisha. Bwana aifundishe mikono yetu wakati bado ni mchana. Amina.